Usiingie Boksi: Vile Gemu Moja Hukuchagulia Konsoli

Machi 2017 kulitokea kioja Marekani. Nintendo walikuwa wameachilia konsoli mpya, Switch, tarehe 3 mwezi huo. Hesabu ilipotoka, Switch zilizouzwa huko ndani ya huo mwezi zilikuwa zaidi ya 906,000. Alafu The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ile ya kuchezwa kwa Switch, ilikuwa imeuza karibu 925,000. Soma tena hizo namba. Gemu ziliuzwa mob kuliko mashine za kuzichezea!

Nintendo wenyewe walijaribu kueleza: pengine kuna mashabiki walinunua kopi mbili, moja ya kucheza na moja ya kuweka kabatini kama dhahabu. Vyovyote vile, hapo ndipo siri ya hii biashara ilijianika. Msee hanunui konsoli. Msee hununua gemu. Konsoli ni ile boksi analazimika kulipia ndio gemu iwake.

Na kampuni zinazouza hizo boksi zinajua hii maneno kuliko wewe. So kama saa hii unaweka akiba mdogo mdogo ya PS5, Switch 2 ama Xbox, tulia hapa kidogo. Hiyo ni doh ya miezi kadhaa, na ukishatoa hairudi. Ni poa ujue nani anavuta kamba.

Kwanza, gemu ya kipekee ni gani?

Kuna gemu za kila mtu. EA Sports FC, Call of Duty, GTA: uko PlayStation, uko Xbox, utacheza tu. Alafu kuna gemu zinakaa nyumba moja na hazitoki. Ukitaka Mario Kart, utaenda kwa Nintendo, upende usipende. Hizo ndizo gemu za kipekee. Na kama gemu ya kipekee inaachiliwa siku moja na konsoli yenyewe, hiyo tunaiita gemu ya uzinduzi.

Fikiria stori ya dekoda. Hakuna mtu hupenda dekoda. Haujawahi ona msee akikumbatia dekoda. Lakini wikendi kukiwa na mechi kubwa na inaonyeshwa chaneli moja tu, watu wanalipa bila kupenda. Mechi ndiyo inauza dekoda. Gemu ya uzinduzi inafanya kazi hiyo hiyo, na siku ya kwanza ndiyo siku ya fainali.

Kwa nini wanajali sana hiyo siku ya kwanza?

Juu boksi yenyewe haiwaletei faida ya maana. Mei 2021, kwenye kesi ya Epic Games na Apple huko California, Lori Wright wa Microsoft aliulizwa chini ya kiapo kama kampuni imewahi kupata faida kwa kuuza konsoli za Xbox. Jibu lake likawa hapana. Sony nao, PS5 ya diski iliyotoka Novemba 2020 kwa dola 499, walikuwa wanaiuza kwa hasara mpaka katikati ya 2021 ndio wakasema sasa hasara imeisha.

Sasa unajiuliza, hawa watu ni wajinga? Zii. Pesa yao iko mbele. Kila gemu unayonunua kwa duka lao la mtandaoni, wanakata mgao wao, na kiwango kilichozoeleka ni asilimia 30. Ongeza malipo ya kila mwezi ya kucheza mtandaoni. Ongeza padi ya pili juu beshte amekam. Ongeza jezi na wachezaji unaonunua ndani ya gemu. Ukikaa miaka sita ama saba kwa nyumba yao, umewalipa boksi mara kadhaa na haujahisi.

Kwa hivyo boksi ni ndoano, na gemu ya kwanza ni chambo. Mvuvi halii akipoteza chambo kama anajua samaki anakuja.

Kuna sababu ya pili, na hii wengi hawaionangi. Wale wanaonunua mapema ndio huamua konsoli itaishi ama itadedi. Kampuni za kutengeneza gemu zinaangalia: hii konsoli iko kwa nyumba ngapi? Zikiwa nyingi, wanaileta gemu yao hapo. Gemu zikija, watu zaidi wananunua. Watu wakinunua, gemu zinazidi. Ni kama matatu mpya kwa stage. Ikikaa tupu hakuna mtu anaingia, lakini wakikaa watu sita tu mbele, wengine wote wanafuata. Gemu ya uzinduzi ndiyo wale watu sita.

Gemu sahihi inaweza kupiga hata mashine kali

Kitambo kidogo, 1989, Nintendo walikuwa wanaleta Game Boy Marekani. Kila mtu alidhani watapakia Mario ndani ya boksi. Lakini jamaa anaitwa Henk Rogers, aliyekuwa anatafuta haki za Tetris, alimwambia bosi wa Nintendo wa Marekani, Minoru Arakawa, kitu rahisi: ukitaka wavulana wadogo, weka Mario. Ukitaka kila mtu, weka Tetris. Wakaweka Tetris.

Kumbuka Game Boy ilikuwa na kioo cha kijivu-kijani, haina rangi, hata taa ya ndani haikuwa nayo. Sega wakaja na Game Gear yenye rangi kamili. Kwa karatasi, Game Gear ilikuwa noma zaidi. Lakini ilikuwa inakula betri sita kama chapo, na haikuwa na ile gemu moja mama, baba na mtoto wote wanapigania. Game Boy pamoja na ndugu yake mwenye rangi, Game Boy Color, waliuza zaidi ya milioni 118.

Kisa kingine ni Halo. Mwaka 1999, Steve Jobs alipanda jukwaani kuonyesha hiyo gemu kama kitu kinachokuja kwa kompyuta za Apple. Mwaka uliofuata Microsoft wakanunua kampuni iliyokuwa inaitengeneza, Bungie. Tarehe 15 Novemba 2001, Xbox ya kwanza ikaachiliwa Marekani, na Halo ikatoka nayo siku hiyo hiyo. Fikiria hali ilivyokuwa: Microsoft walijulikana kwa Windows na programu za ofisi. Nani angenunua mashine ya gemu kwa watu wa Excel? Lakini ukitaka Halo, hakukuwa na mahali pengine siku hiyo. Ikauza mamilioni, na Xbox ikapata sura, ikapata mashabiki wa kufa na kupona.

Mpaka hapo unaona stori imeisha: tengeneza gemu kali, iweke kwa boksi, omoka. Lakini ngoja.

Lakini gemu moja haishindi ligi

Mwaka 1996 Nintendo walizindua Nintendo 64 pale Japani na Marekani. Gemu iliyokuja nayo ilikuwa Super Mario 64, na mpaka leo wataalamu wanaihesabu kati ya gemu bora za uzinduzi kuwahi kutoka. Ndiyo iliyowafunza watu jinsi ya kutembea ndani ya dunia ya pande tatu. Pale Japani, siku ya kwanza kulikuwa na gemu tatu tu, na moja ilikuwa ya shogi, ile chesi ya Kijapani. So ilikuwa Mario ama ukae.

Nani alishinda hicho kizazi? PlayStation ya kwanza ya Sony. Iliuza zaidi ya milioni 102. Nintendo 64 ikaishia karibu milioni 33. Mara tatu, mazee.

Ilikuwaje? Nintendo waling'ang'ana na katriji, ambazo zilikuwa bei ghali kutengeneza na nafasi yake ndogo. Sony wakatumia CD. Kampuni ya Square, waliokuwa marafiki wa Nintendo kwa miaka, wakaona gemu yao kubwa haiwezi kutoshea kwa katriji, wakahama. Final Fantasy VII ikatoka 1997 kwa PlayStation, diski tatu nzima. Na wengine wengi wakafuata njia hiyo.

Ona tofauti hapo. Mario 64 iliwashika wale waliokuwa tayari wanampenda Mario. Lakini yule aliyekuja dukani 1998 hakuuliza gemu ya uzinduzi ilikuwa gani. Aliangalia rafu. Upande mmoja rafu imejaa, upande mwingine iko nusu.

PlayStation 2 ndiyo ilifanya hii maneno iwe wazi kabisa. Ilipotoka 2000, haikuwa na gemu moja ya uzinduzi ya kukufanya uruke kitanda. Ilichokuwa nacho ni kwamba inacheza DVD, wakati mashine za DVD bado zilikuwa bei. Mzazi angeweza kujidanganya kwamba amenunua kitu cha familia kuangalia movie. Alafu Oktoba 2001 ikaja GTA III. Mwaka uliofuata Vice City. Na 2004, San Andreas. Zote tatu zilianzia PS2, wenye konsoli zingine wakangoja. Huku kwetu hakuna haja ya kueleza CJ ni nani. Kuna watu walimjua CJ kabla wamjue mwalimu wao wa darasa. PS2 iliuza milioni 160 kulingana na Sony wenyewe, na bado ndiyo konsoli iliyouzwa zaidi duniani.

Somo: gemu ya uzinduzi hufungua mlango. Gemu zinazokuja mwaka wa pili na wa tatu ndizo hujaza nyumba.

Ukitaka mfano wa nyumba iliyobaki tupu, uliza Sega. Dreamcast ilizinduliwa Marekani tarehe 9 Septemba 1999 na gemu mob, ikiwemo Soulcalibur, gemu ya ngumi iliyokuwa inang'aa kushinda ile ya kwenye mashine za mjini. Uzinduzi ulikuwa moto. Lakini EA walikataa kuleta gemu zao hapo. Maana yake? Hakuna FIFA. Hakuna Madden. Sega wakajaribu kutengeneza gemu zao za spoti, na zilikuwa poa, lakini PS2 ilikuwa inakam na watu wakaamua kungoja. Mapema 2001 Sega wakatangaza wanaacha kutengeneza konsoli. Dreamcast ikaishia kama milioni 9. Wale walioinunua siku ya kwanza hawakuwa wajinga. Walipenda gemu kali. Ni vile tu walinunua mlango, nyuma yake hakukuwa na nyumba.

Na chambo kikikosekana?

Hapa ndipo mnunuzi hujifunza kungoja. Mwaka 2011 Nintendo walileta 3DS, ile ya mkononi, kwa dola 249.99 Marekani. Ilitoka bila Mario mpya. Watu wakaiangalia, wakaipita. Agosti mwaka huo huo, hata miezi sita haijaisha, bei ikashushwa mpaka dola 169.99. Dola 80 zimepotea hewani. Waliowahi mapema walipewa gemu 20 za zamani kama pole. Alafu Novemba ikaja Super Mario 3D Land, Desemba ikaja Mario Kart 7, na mashine ikafufuka. Mwishowe iliuza karibu milioni 76. Mashine ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni bei na gemu.

Xbox nao waliumia 2020. Xbox Series X na Series S zilipangiwa kutoka na Halo Infinite, ile ile silaha ya 2001. Miezi michache kabla, wakaonyesha gemu na watu wakacheka grafiki zake mitandaoni mpaka basi. Agosti wakaahirisha. Konsoli zikatoka Novemba 10 bila Halo, na gemu ikafika Desemba 2021, zaidi ya mwaka baadaye. PS5 iliyotoka wiki hiyo hiyo ilikuwa na Demon's Souls ya kwake pekee, na Astro's Playroom ya bure ndani ya mashine, ya kukuonyesha venye padi mpya inatetemeka na kukaza.

Nintendo hawakusahau. Tarehe 5 Juni 2025, Switch 2 ilipotoka, Mario Kart World ilikuwa pale mlangoni. Na angalia hesabu waliyoipiga. Marekani, mashine peke yake ilikuwa dola 449.99. Gemu peke yake, dola 79.99. Lakini ukichukua bando ya vyote viwili, ni dola 499.99. So ghafla gemu ya 80 inaonekana ni ya 50, na wewe unajiona mjanja. Siku nne za kwanza, Switch 2 zaidi ya milioni 3.5 zilikuwa zimeuzwa duniani. Kufika mwisho wa Juni, mashine zilikuwa milioni 5.82 na Mario Kart World milioni 5.63. Karibu kila boksi ilitoka na hiyo gemu. Chambo kikimezwa hivyo, mvuvi anaenda nyumbani akiimba.

Kipekee, ama kipekee ya mdomo?

Hapa turudi kwa ile Zelda ya 2017, juu kuna kitu sijakuambia. Ilitoka siku moja pia kwa Wii U, konsoli ya zamani ya Nintendo. Mtu mwenye Wii U angekaa nyumbani, anunue gemu tu, acheze hadithi ile ile. Shida ni kwamba Wii U ilikuwa imeanguka vibaya, iliuza milioni 13.56 maisha yake yote, so wachache tu ndio walikuwa nayo. PS5 nayo ilifanya hivyo hivyo: Spider-Man: Miles Morales, moja ya gemu zilizotumika sana kuitangaza 2020, ilitoka pia PS4.

Kwa hivyo kabla hujaanza kutetemeka juu ya trela, uliza: hii gemu iko kwa mashine niliyonayo tayari? Matangazo hayatakuambia. Matangazo yanaonyesha boksi mpya.

Na kuta zenyewe zinaanguka. Sony walianza kupeleka gemu zao kubwa kwa kompyuta: Horizon Zero Dawn ikaenda 2020, God of War ikaenda Januari 2022. Microsoft ndio wamefungua mlango wote. Februari 2024 walitangaza gemu zao nne zinaenda kwa mahasimu. Aprili 2025 Forza Horizon 5 ikatua PS5. Alafu Oktoba 2025 wakasema kitu ambacho 2001 ungekitoa kama mchezo: Halo yenyewe, ile hadithi ya kwanza ikitengenezwa upya kwa jina la Halo: Campaign Evolved, inaenda PlayStation 5. Gemu iliyojenga Xbox sasa inapelekwa kwa nyumba ya jirani.

Kwa nini? Kutengeneza gemu kubwa siku hizi ni pesa ndefu, na ukiiuza kwa nyumba yako peke yako, inakuwa ngumu kurudisha. Nintendo ndio wamebaki wakifunga geti kabisa. Ukitaka Mario, bado unapiga hodi kwao.

Alafu kuna aina mpya ya kipekee imeingia, haina kelele sana lakini inauma mfuko vile vile. Rockstar walitangaza GTA VI itatoka 19 Novemba 2026, kwa PS5 na Xbox Series. Iko kwa mahasimu wote wawili, so huwezi kuiita gemu ya kipekee. Lakini PS4 haimo. Yaani ule mtu ambaye PS4 yake bado inadunda fiti, na hakuwa na haja ya kubadilisha, atalazimika. Ukuta haujajengwa kati ya Sony na Microsoft. Umejengwa kati yako na mashine yako ya zamani.

Kwa ground mambo ni tofauti

Hizi namba zote ni za Marekani, Japani na dunia nzima. Lakini ingia kwa banda lolote la PS mtaani, Nairobi ama Mombasa, uangalie kioo. Ni boli. FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC lakini hakuna mtu amekubali hilo jina. Hiyo si gemu ya kipekee. Iko Xbox, iko kompyuta, iko hadi Switch. Na bado karibu kila banda ni PlayStation. Mbona?

Juu huku gemu ya kipekee ni watu. Mbogi yako wote wako na PlayStation, vidole vyao vimezoea hiyo padi, diski zinazunguka kutoka keja hii mpaka ile. Ukinunua Xbox, mashine itakuwa kali, lakini utakuwa peke yako kama mtu amevaa suti kwa mazishi ya mtu hamjui. Hakuna wa kuazima diski, hakuna fundi karibu anayejua kuifungua, na siku ukitaka kuiuza, wanunuzi ni wachache. Hiyo nayo ni nguvu ile ile ya matatu iliyojaa.

Gemu za kipekee zikija kwa hiyo hesabu, zinakuja kama nyongeza. Msee ananunua PlayStation juu ya boli na mabeshte, alafu God of War na Spider-Man zinakuwa za usiku akiwa peke yake. Ukweli ni kwamba wengi wetu tulichaguliwa konsoli na mtaa kabla tuone trela yoyote.

Kuna mambo mengine mawili ya huku ambayo matangazo ya ng'ambo hayagusi. Moja, Kenya haiko kwa orodha rasmi ya nchi za mtandao wa PlayStation, ndio maana watu hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza ama Afrika Kusini na kutafuta vocha za huko. Gemu ya uzinduzi ikiwa ya kudaunilodi tu, tayari una kibarua. Mbili, diski. Diski unaweza kuazima, kubadilishana na kuuza ukimaliza. Xbox Series S haina mahali pa diski. PS5 ya bei nafuu haina pia, mpaka ununue kifaa cha kuongeza. Na hata Switch 2 iko na baadhi ya kadi ambazo ndani hazina gemu, ni ufunguo tu wa kukuruhusu uidaunilodi. Gemu za siku hizi zinaweza kupita GB 100. Piga hesabu ya intaneti yako kwanza, alafu ndio uangalie bei ya boksi.

Kabla utoe doh, jiulize haya

Gemu ninayoitaka iko leo, ama ni ahadi? Wale wa Xbox 2020 waliahidiwa Halo, wakapata mwaka mzima wa kungoja. Trela si gemu. Kama haiko dukani, usiihesabu.

Baada ya hiyo moja, kuna zingine ngapi? Gemu ya uzinduzi utaimaliza ndani ya mwezi, pengine wiki mbili kama hauna shule. Tafuta angalau zingine tatu zilizo tayari ama ziko na tarehe, na ambazo kweli ungezilipia. Ukikosa tatu, bado hujapata konsoli. Umepata gemu moja ya bei ya konsoli.

Naweza kuicheza kwa kile niko nacho? Angalia kama iko PS4, ama kama itakuja kompyuta. Ukuta ukianguka baada ya miaka miwili, na wewe ni mtu wa subira, umeokoa pesa yote.

Mabeshte wako wapi? Kama unacheza boli mtandaoni, PS5 na Xbox Series siku hizi zinaweza kukutana, na PS4 inakutana na Xbox One. Lakini PS4 na PS5 hazikutani kwa EA FC. Uliza mbogi kabla ya kuuliza Google.

Na nikingoja? Kitambo jibu lilikuwa rahisi: ngoja, bei itashuka, kama wale wa 3DS. Saa hii si hivyo tena. Xbox Series X ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na Oktoba 2025 Marekani ikawa dola 649. PS5 ya diski nayo ikapanda mpaka dola 549 Agosti mwaka huo. So usingoje ukidhani bei itajishusha yenyewe. Ngoja juu gemu unazozitaka bado hazijafika. Hizo ni sababu mbili tofauti kabisa.

Hakuna ubaya kununua mashine juu ya gemu moja. Watu wamefanya hivyo tangu Tetris, na wengi hawajuti. Kama Mario Kart ndiyo inafanya nyumba yenu yote icheke Jumapili jioni, hiyo pesa imefanya kazi. Ubaya ni kununua ukidhani ni wewe umeamua, kumbe ulichaguliwa na trela ya dakika mbili.

Boksi itakaa chini ya TV yako miaka saba. Gemu ya kwanza itakaa mwezi. Nunua ukiangalia hiyo miaka mingine yote. Na kama jibu la maswali hapo juu bado ni ndiyo, basi chukua padi, ita mbogi, na mechi ianze.